Dagaa wa Kibirizi kwa mama mmoja hivi, bei haina janja janja

Yaani kama uko Kigoma na unatafuta dagaa wa kupeleka Dar nenda kwa huyu mama pale Kibirizi, wake wameanikwa kwenye vichanja sio chini, ukitafuna hakuna ile kukwaruza mchanga kwenye meno. Ila kilichonikosha zaidi ni 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi miezi mitatu, walanguzi wanaficha magunia, ye anapimia kila mtu sado moja moja, kuna tajiri kaja na kirikuu anataka abebe wote akaambiwa baba panga foleni kama wenzio 😂. Nikamkumbuka Mengzi, mfuasi wa Confucius, mwanafalsafa wa China ya kale, alisimulia jamaa aliyepanda kichuguu sokoni achungulie kulia kushoto azoe faida yote peke yake, watu wakamdharau na ndo ushuru wa wafanyabiashara ukaanzia hapo. Confucius mwenyewe hakukataa utajiri jamani, alikataa wa dhuluma, na alisema kuwa mtawala asiogope uchache, aogope mgawanyo usio sawa. Shida ya mama, hapokei pesa za simu, na mawese yake mi siyaelewi, bora ununue kwingine.