Konekta za kubana za RG6 (kebo ya dishi): mwaka wa pili juu ya paa, Lamu

Paa letu Mkomani linatazama bahari. Kusi ikianza kuvuma, chumvi hupenya kila mahali, bawaba na makomeo yote huota kutu. Kila masika televisheni ilikuwa ikikata. Fundi akasema LNB (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) imekufa, nikanunua mpya. Baada ya miezi miwili, mambo yakawa yale yale.

Shemeji yangu, nahodha wa boti, ndiye aliyepanda akafungua konekta, kile kichwa cha kebo kinachoingia kwenye LNB. Ndani palijaa unga wa kijani, na ncha ya waya imelika nusu. "Shemeji, LNB haina kosa," akaniambia.

Konekta hizi za dishi, aina ya F, hazina pini yake zenyewe: waya wa katikati wa kebo ndio pini. Na dikoda hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB kupitia waya huo huo. Maji ya chumvi yakiingia hapo umeme ukiwa unapita, shaba huliwa upesi. RG6 nyingi za bei nafuu ni chuma kilichopakwa shaba tu, kwa hiyo ukiukwangua waya kwa kisu umeikaribisha kutu kwa mkono wako.

Zangu za zamani zilikuwa za kuzungusha kwa mkono. Nikazitupa zote nne, nikaweka za kubana kwa koleo maalumu, za brasi, zenye pete ya mpira ndani. Bei ni kama mara tatu, na koleo ni gharama nyingine, mimi niliazima. Nilimwomba shemeji zile nene za redio ya botini, akakataa: hizo ni PL-259, za nyaya za omu 50 (kipimo cha ukinzani wa kebo), na dishi hutumia omu 75.

Masika mbili zimepita, picha haijakata hata siku moja. Nimefungua moja juzi kuhakikisha: waya bado unang'aa. Nilikunja pia kebo kitanzi kabla haijaingia ukutani, maji yadondoke hapo yasifuate waya hadi ndani.

Kinachoniudhi ni kwamba ukishaibana konekta hairudi tena, na pakiti niliyouziwa haikuandikwa kama ni ya RG6 au RG59, ile kebo nyembamba zaidi. Niliharibu tatu kabla ya kugundua kuwa tundu lilikuwa dogo kwa kebo yangu. Nenda dukani na kipande cha kebo yako, uijaribu palepale kabla ya kulipa.