Gundi nyeupe na viti vya mama: uzoefu wangu, Mtwara

Gundi nyeupe ya mbao, kopo la nusu kilo, nimeinunua mara mbili mwaka huu kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini, kila mara kwa shilingi elfu tano. Kopo la kwanza nililiona ni hasara tupu. La pili limenirudishia viti vinne ambavyo mama anavikalia kila siku. Gundi ni ileile.

Viti vyenyewe ni vya mninga, sita kwa jumla. Marehemu baba alivinunua kwa pesa za korosho kabla sijaanza shule, na mama hataki kusikia habari ya kuviuza. Tunakaa Shangani, karibu na bahari. Mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili mbao hunywa unyevu na kuvimba, kusi ikivuma mbao inakauka na kusinyaa. Miaka nenda miaka rudi, maungio yakalegea. Tuliwahi kumpa fundi mmoja, akapigilia misumari kila palipocheza. Nilikasirika sana baadaye, kwa sababu ile misumari ilishika kutu, mbao ikaweka madoa meusi kuizunguka, na mguu mmoja ukapasuka kufuata nyuzi zake.

Mara ya kwanza nilimimina gundi kwenye maungio yaliyolegea bila kukifungua kiti, nikakaza kwa kamba, nikaacha usiku kucha. Wiki haikuisha mama akaegemea, kiti kikaachia. Nikaamini nimeuziwa gundi feki. Jirani yetu, mzee aliyekuwa akiunda madau Mikindani, alikigeuza kile kiti, akachungulia ndani ya tundu. Akaniambia, "Mwanangu, hapa hujagundisha mbao na mbao. Umegundisha gundi na gundi."

Ndivyo ilivyokuwa. Gundi hii hushika kwa kupenya kwenye nyuzi za mbao, na gundi ya zamani iliyokaukia pale inaizuia isipenye.

Safari ya pili nilifungua kiti chote. Kila kipande nilikiandika namba kwa penseli, maana miguu inafanana lakini kila ulimi, yaani ncha ya mbao iliyochongwa ichomekwe kwenye tundu, una tundu lake. Misumari niling'oa kwa koleo polepole. Gundi kuukuu nililainisha kwa kitambaa chenye siki ya uvuguvugu, nikakiacha kama nusu saa, kisha nikakwangua kwa kisu butu hadi rangi ya mbao ikaonekana. Msasa sikutumia kwenye ndimi, kwa sababu ukizipunguza tu, kiti kitacheza tena. Nikaacha vipande vikauke siku mbili kivulini.

Jambo ambalo kopo halikuniambia ni kwamba gundi hii haijazi nafasi. Ulimi ukipwaya ndani ya tundu, hata umimine kopo zima haitashika. Niliomba vinyoleo vya randa kwenye karakana ya seremala, vya mninga vilevile, nikavigundisha kwenye ndimi zilizopwaya mpaka zikaingia kwa kubana. Ndipo nikapaka gundi ulimi na tundu, nikaunganisha, nikazungushia ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli nikiuvuta kwa nguvu. Kwangu mpira huu umeshinda kamba kwa mbali, kwani unaendelea kubana gundi inapokauka. Kiti kisimamishe sakafuni penye usawa kabla gundi haijashika, la sivyo kitayumba maisha. Inayochuruzika ifute papo hapo kwa kitambaa kibichi, maana ikikaukia juu, vanishi haitaingia na utabaki na bato jeupe. Nilisubiri siku mbili ndipo mama akakalia.

Mashimo ya misumari niliziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Hapo sijaridhika: imekauka nyeusi kuliko mbao na inaonekana ukisogea karibu. Nilimalizia kwa msasa namba 120, halafu 240, nikiwa nimefunga kitambaa puani kwa sababu vumbi la mninga linawasha. Vanishi ya kiti cha kwanza niliipaka siku ya mvua, ikaingia ukungu mweupe, ikabidi niikwangue yote. Ngoja jua.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu haivumilii maji, kwa hiyo kiti cha kukaa nje kinachonyeshewa usikitengeneze kwa gundi hii. Ukinunua, fungua kopo palepale dukani. Ikiwa na mabonge, iache.

Vinne vimepita miezi mitano bila kucheza. Cha tano, kile kilichopasuka mguu, kiko ndani ya mpira tangu jana. Cha sita mguu wake umeliwa na mchwa, na hapo gundi haina kazi. Nimepeleka kipande cha mninga kwa seremala anichongee mguu mpya, lakini kuuunga nimemwambia aniachie mimi.