Msiniambie ni bajeti ndogo

Nimekereka na sinyamazi. Kuna kijana wa duka la muvi hapa Lamu kanijazia kwenye flashi rimeki ya Night of the Living Dead, ile muvi ya kutisha ya zamani iliyotengenezwa upya, akaniapia ati hii ndio kali, dada utalala taa zawaka. Nikalipa. Nani kaitengeneza hata sijui, yale majina ya mwisho yapita mbio huwezi kuyasoma, na kwa nilichokiona nahisi walifanya makusudi.

Hadithi wengi mwaijua, watu wamejifungia kwenye nyumba ya shambani, maiti waliofufuka wako nje wataka kuingia. Sasa hapo kila kitu ni mlango. Ukiuamini mlango utaogopa, usipouamini basi hakuna muvi. Jamaa achukua ubao aanza kupigilia misumari, na ubao wapinda! Wallahi wapinda katikati, ni sponji limepakwa rangi ya mti. Nyundo haijafika mlio ushatoka, kisha nyundo yafika, kimya. Nikairudisha nyuma nikaitazama tena na tena, hakuna tundu, hakuna ufa, msumari umesimama tu pale juu. Ami yangu ni fundi wa milango, ameshika patasi tangu utotoni, alikuwa ametulia na kahawa yake anatazama vizuri tu, alipofika hapo akasema "huyu hajapiga msumari maishani mwake," akainuka akaenda zake kuswali na hakurudi.

Wifi yangu naye ati aaa we waichukulia siriazi sana, wahurumie, hawakuwa na pesa. Na mdogo wangu akamuunga mkono, yeye alifurahi toka mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndipo waliponiwasha kabisa. Ile ya kwanza, ya muongozaji George Romero, ya 1968, ilikuwa na pesa gani? Kama dola 114,000 tu, imepigwa huko Pennsylvania, nyeusi na nyeupe, damu yenyewe ilikuwa sharubati ya chokoleti! Na bado Duane Jones, muigizaji mkuu, akivunja meza apate mbao za kuzibia, wasikia uzito wake, wamuona achagua kipande, ajaribu hiki, atupa kile, mpaka wewe uliyekaa kwenye mkeka watafuta msumari pamoja naye. Hiyo si pesa, ni mtu amejali kazi yake. Na rimeki si dhambi, Tom Savini aliirudia 1990 kwa rangi na sikuwa na neno nayo.

Shida ni kwamba hii hadithi haina mwenyewe. Wasambazaji walibadilisha jina la muvi kabla haijatoka, ile alama ya hakimiliki ikaachwa nje, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule basi ikawa ya kila mtu. Ndio maana yeyote mwenye kamera aichukua aifanya anavyotaka, haombi ruhusa.

Lakini nisiwaonee, kuna mahali walinishika. Yule mama na mwanawe mgonjwa kwenye chumba cha chini ya nyumba. Hakuna muziki hata kidogo, tochi yatetemeka mkononi, mama amwita mtoto taratibu, na mtoto ageuka pole pole mno. Wifi alijifunika leso usoni. Yule mama ni muigizaji kweli, sijui alifuata nini mle, na hapo nikaanza kujiambia labda wifi ana haki, labda ni muvi nzuri yenye mlango mbovu. Kisha wakarudi juu na ule ubao umehamia upande wa pili wa mlango! Hakuna aliyeugusa! Sasa wewe mtu mzima umeshika kamera huoni?

Nikarudi dukani. Nikatoa salamu, hakuitika, macho kwenye simu, nikamueleza yote, akanijibu bila kuniangalia: "Dada, kwa hamsini wataka Hollywood?" Yani hivyo hivyo. Ile ya 1968 iko bure kwenye intaneti, ni halali kabisa kuitazama, na yeye angeniambia tu. Alijua.

Mkiipata kwa mtu tazameni kile kipande cha mama na mtoto, mengine ruka, na msitoe hata shilingi. Nilitaka kuipa nyota moja, haya, ziwe mbili, na zote ni za yule mama. Kijana wa duka sina nyota ya kumpa mpaka ajifunze kuitikia salamu.