Jinsi inayopinda mguu: kagua mshono wa pembeni kabla hujatoa hela

Mwezi wa tatu nilinunua jinsi mpya ya bluu kwa elfu 65, duka moja Kariakoo, ina nembo ya jina kubwa ambalo silitaji kwa sababu sina uhakika hata kama kweli ilikuwa ya kwao. Ilinikaa vizuri mno. Nikafua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, siku hiyo nimesimama kituo cha mwendokasi naangalia chini nakuta mshono wa pembeni wa mguu wa kulia, ule unaoshuka kutoka kiunoni mpaka kwenye pindo, umehama umekuja mbele umelala juu ya kiatu, na wa mguu wa kushoto umekimbilia nyuma. Suruali imejinyonga mwilini. Nikaipeleka kwa fundi wangu nikidhani ni suala la kufumua na kushona upya, akaitandaza mezani, akaipapasa, akaniambia, "Dada, mshono hauna kosa, kitambaa ndo kimepinda. Hii siwezi kukutengenezea."

Tangu siku hiyo kila jinsi ninayoshika naangalia hilo kwanza. Mambo ya rangi, ya kiuno, ya kuzungushia shingoni kuona kama itakutosha, hayo mnayajua siyarudii. Hili la kupinda hamna anayeliongelea na ndilo linaloharibu jinsi nzuri kabisa.

Iko hivi. Chukua jinsi yoyote uisogeze machoni, utaona kitambaa kina vijistari vimelala mshazari. Kwenye jinsi nyingi vinapanda kuelekea kulia. Nyuzi zikiwa kiwandani zimevutwa, zimekazwa, ukija kuloweka zinalegea na kitambaa kinaanza kuvutika kufuata ule mshazari, na kwa kuwa miguu yote miwili imekatwa kwenye kitambaa kilekile basi yote inazunguka upande mmoja, ndo maana mshono mmoja unakuja mbele mwingine unarudi nyuma. Viwanda makini vinakivuta kitambaa mshazari makusudi kabla hakijakatwa, ili kikifuliwa kiwe kimeshatulia. Wanaobana gharama wanaruka hiyo hatua, na dukani si rahisi kujua kwa sababu bado haijafuliwa vya kutosha.

Sasa nawapangia nilizozivaa mwenyewe.

Ya kwanza kwangu, na sitafuti maneno ya kuificha, ni Wrangler namba 13MWZ. Jinsi za namna hii walianza kuzitengeneza mwaka 1947 kwa ajili ya wapanda farasi wa rodeo, yale mashindano ya kupanda farasi wakali kule Marekani, na mwaka 1964 wakaleta ufumaji ambao vile vijistari haviendi upande mmoja, vinapanda kidogo vinageuka, vinapanda vinageuka, ukiangalia kwa karibu unaona kama kazigizagi. Kwa hiyo hakuna upande unaoshinda mwingine na mguu unabaki umenyooka. Ninayo moja ya mtumba, nimeivaa miaka minne, magoti yamepauka mpaka yamekuwa meupe na mshono wa pembeni upo palepale pembeni. Kitambaa ni kizito, siku za mwanzo kwa joto la Dar utaisikia, na inapanda juu mpaka kitovuni, mi napenda hivyo. Zile ribiti zake, vile vidude vya chuma vinavyoshikilia kona za mifuko, zimelazwa bapa zisikwaruze tandiko la farasi, na kwa sisi wa bodaboda ni hivyohivyo, siti ya mtu haiharibiki. Ukiona inakumwagikia sana mapajani tafuta namba 936, ni ndugu yake ila imebana zaidi.

Ya pili Lee, ile ya kizamani ya mguu ulionyooka. Vijistari vyake mara nyingi vinapanda kushoto, na kitambaa cha namna hiyo kikifuliwa kinakuwa laini zaidi. Kupinda kinaweza kupinda, ila kwa upande wa pili, kwa hiyo ikague usije ukaiamini kwa sababu ya ulaini wake.

Halafu Levi's 505 na 501, ambazo watu wanazichanganya kila siku. 501 inafungwa kwa vifungo, 505 ina zipu, na 505 ina nafasi zaidi kidogo mapajani halafu mguu unapungua kidogo ukielekea chini. Mwenye makalio achukue 505, atanishukuru. 501 ni nzuri, nani atabisha, lakini kuna zile ambazo hazijawahi kuingia maji kabisa, zinarudi sana ukizifua, ukinunua inayokutosha leo kesho hupiti. Soma lebo ya ndani. Mi nataka pamba asilimia 100, zile zinazovutika zinaachia magotini.

Jinsi za elfu 15 mpya za mtaani: ishike mshono uone, ukikuta imenyooka chukua, ila ujue ukweli wake utauona ikishafuliwa.

Na hapa ndo mtumba unaposhinda duka. Jinsi ya mtumba imeshafuliwa huko ilikotoka mara nyingi tu, kama ni ya kupinda imeshapinda, haina cha kukuficha. Ishike kiunoni, kutanisha mishono miwili ya mguu mmoja pale juu kwenye paja, iache ining'inie bila kuivuta, angalia chini kama mishono bado imekutana. Ikipishana vidole viwili rudisha. Nusu dakika tu.

Tatizo wauzaji wamejua. Sasa hivi unakuta jinsi imepigwa pasi kwa nguvu mshono ukalazimishwa kurudi pembeni, imekunjwa vizuri, imewekwa kwenye nailoni kama mpya, ukitaka kuikunjua unaambiwa sista usinivurugie biashara. Nikuvurugie! Mimi ndo natoa hela. Na ukikosea tu ukatamka Wrangler kwa sauti, iliyokuwa elfu 18 inakuwa 35 palepale, "hiyo orijino dada, Marekani hiyo", wakati dakika moja nyuma alikuwa anaiita suruali ya kazi. Sasa hivi sitaji jina. Nashika, nakagua, nauliza bei naangalia pembeni. Madukani ndo sina hamu, risiti imeandikwa kabisa bidhaa ikiuzwa hairudishwi, na jinsi ndo nguo ambayo ubovu wake unatokea baada ya kufua mara tatu, sasa nitaujua lini kama siyo nyumbani?

Ukishanunua mpya usikimbilie kwa fundi kukata urefu. Ifue kwanza mara mbili au tatu, ianike kwa kuibana kiunoni miguu ining'inie yenyewe, ndo upeleke. Ikikatwa kabla halafu ikapinda, pindo nalo linakaa upande, na hapo kitambaa cha kurekebishia kitakuwa kimeshabaki sakafuni kwa fundi.