Jumamosi 8 za darasa la uandishi wa hadithi: uzoefu wangu

Nililipa shilingi 150,000 kwa Jumamosi 8, hapa Dar, kujifunza kujenga wahusika na matukio. Wawili watatu wameniuliza kama inafaa, nawajibu kwa mkupuo.

Siku ya kwanza nusura nidai hela yangu. Mwalimu alichelewa dakika 40, feni inanguruma kama mashine ya kukoboa, na asubuhi yote ikaishia kwenye wahusika bapa (wa sura moja, wasiobadilika) na wahusika duara (wa pande nyingi, wanaobadilika), yale yale tuliyokaririshwa sekondari. Jipya kwangu lilikuwa kwamba mgawanyo huo ni wa mwandishi Mwingereza E. M. Forster, mwaka 1927. Haya, nikaandika, nikarudi zangu Mbagala.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonikamata. Nilisoma hadithi yangu ya mwalimu mstaafu, "mzee mpole, mcha Mungu, mwenye busara". Mwalimu akanikatiza: "Mfukoni ana nini?"

Hela, nikasema.

"Ngapi? Kazikunjaje?"

Darasa kicheko, mimi jasho. Nikajibu ilimradi: elfu moja, imekunjwa mara nne ndani ya karatasi ya dawa.

"Na asubuhi hii anataka nini ambacho mdomo unakataa kukitamka?"

Nikaandika upya pale pale. Mzee yuko dukani kwa Mangi, na anayeuza ni kijana aliyemfundisha darasa la nne. "Shikamoo, mwalimu!" "Marahaba." Anauliza bei ya sukari. Anauliza bei ya mchele. Anauliza bei ya sabuni ya mche, ambayo anaijua. Kila neno "nikopeshe" likifika mdomoni, mteja anaingia. Anaondoka na kiberiti. Niliposoma, dada wa kiti cha nyuma akaguna, "Maskini mzee wa watu." Hilo neno maskini sikuliandika popote!

Kipimo cha tukio cha mwalimu wetu ni kifupi: nani anataka nini, nani anamzuia, na mwishoni kipi kimebadilika. Kama hakuna kilichobadilika, futa. Nimefuta harusi ya kurasa 6, na mpaka leo inaniuma.

Lawama ninazo. Tulikuwa 16 na kila siku walisoma wawili tu, kwa hiyo kazi yangu ilijadiliwa mara moja basi. Mazungumzo ya wahusika yalipewa kipindi kimoja, wakati ndipo wengi tunapochemsha. Watu wetu wote wanaongea kama taarifa ya habari. Afadhali lile zoezi la kupanda daladala na kunasa maneno ya watu. Konda mmoja alinipa mhusika mzima kwa sentensi moja: "Shuka na hasira zako, chenji utaikuta kesho."

Kama una rasimu, hata mbovu, nenda. Kama unakwenda kutafutiwa hadithi, tunza hela yako. Mimi niko ukurasa wa 11, na mzee bado hajapata sukari.