Cherehani ipi inunuliwe kwa kazi ya viraka nyumbani, Mtwara na Lindi

Anayetaka kushona foronya, vitambaa vya meza au mfarishi wa mtoto kwa viraka vya kitenge na khanga hahitaji mashine yenye mishono mingi. Karibu kazi yote ya viraka hufanywa kwa mshono ulionyooka. Kinachotakiwa ni mashine itakayotoboa kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini bila kuruka mishono, na itakayomwachia mshonaji mikono yote miwili ya kuongoza kazi yake. Nimepanga machaguo haya kwa vigezo hivyo, nikizingatia pia umeme unaokatika na hewa ya chumvi inayokula chuma tangu Kilwa hadi Mikindani.

Nafasi ya kwanza naipa bila kusita cherehani ya miguu, ile nyeusi ya chuma inayoonekana kwenye vibaraza vya mafundi wetu, iwe Singer, Butterfly au nyingine ya umbo hilo. Haidai umeme, mafundi wengi wanaijua, na uzito wake huifanya itulie hata mfarishi unapokuwa mnene. Iliyotumika ikiwa nzima ni bora kuliko mpya ya plastiki, ila ikaguliwe kwa subira. Anayesubiri malipo ya korosho aanze kutafuta mapema ili asinunue kwa pupa. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono uone kama linakwama. Tikisa mhimili wa sindano, na ukicheza kushoto na kulia, ujue umelika. Inua kichwa cha mashine uangalie upande wa chini, kwa sababu kutu ya juu husuguliwa kabla ya mnunuzi kufika, lakini ya chini huachwa. Pitisha kidole kwenye meno yanayosogeza kitambaa: yakiwa laini, kazi nzito haitakwenda. Mwisho, shona tabaka nne za kitenge ulichokwenda nacho mwenyewe, uzi wa juu na wa chini ukiwa wa rangi mbili. Rangi ya chini ikijitokeza juu, hilo ni suala la kurekebisha mkazo wa uzi. Lakini mishono ikiendelea kuruka hata baada ya kuwekwa sindano mpya namba 14 au 16, iache mashine hiyo. Mkanda wa ngozi uliolegea usikutishe, kwani hukatwa kidogo na kuunganishwa tena.

Ya pili ni cherehani ndogo ya umeme. Hushona zigizaga, hufanya matundu ya vifungo na huhifadhiwa kabatini, na zile zinazoruhusu meno kushushwa humwezesha mshonaji kuchora maua kwa uzi juu ya mfarishi. Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha volti. Umeme wetu ni volti 230, ilhali mashine zilizotumika Japani hutengenezwa kwa volti 100 na za Marekani kwa volti 120. Ukizichomeka moja kwa moja bila transfoma, utaunguza mota. Nyingi za bei ya chini zina gia za plastiki, nami nisingezitwika mfarishi wa kitanda kikubwa.

Cherehani ya kuzungusha kwa mkono naiweka ya tatu. Inamfaa anayejifunza, maana huenda taratibu, na anayekaa chumba kimoja, lakini mkono mmoja hushughulika na mpini muda wote, hivyo mistari mirefu hupinda.

Ya mwisho ni vimashine vya betri vya kushikwa mkononi. Hushona kwa uzi mmoja, na ncha ikilegea mshono hufumuka wote. Sivipendekezi kwa kitu kitakachofuliwa.

Katika bajeti, tenga fedha za pakiti ya sindano, bobini za akiba, kifuniko na mafuta ya cherehani yenyewe. Mafuta ya kula huganda ndani na kuikwamisha mashine, na kwa pwani yetu, mashine isiyopakwa mafuta haikawii kushika kutu.