QGIS kwa ramani za mafuriko ya Kano: uzoefu wangu

Kama kazi yako ni kuweka ramani juu ya ramani hadi zikupe jibu moja, QGIS inatosha, na haitakugharimu hata shilingi. Nimeitumia kwa kazi za hapa Kisumu, nyingi zikiwa za mafuriko ya uwanda wa Kano, na sina mpango wa kulipia programu nyingine. Ila kuna mambo inayafanya kimyakimya ambayo mgeni hatayaona mpaka ramani ishachapishwa, na hayo ndiyo nataka kuyazungumzia kwa kirefu.

Kwa wasioijua: ni programu huria ya ramani iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka wa 2002, na leo inaendelezwa na watu wa nchi nyingi, wengi wao wa kujitolea. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Faili ya kusakinisha ya Windows ni karibu GB 1, basi tafuta Wi-Fi, usimalize bando. Chukua toleo la LTR, lile linaloendelea kurekebishwa hitilafu bila kuongezewa mapya kila mara.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chama kimoja cha watumiaji maji kilitaka kujua: mto Nyando ukivunja kingo, ni shule zipi, zahanati zipi na maboma yapi yanaingia majini, kata ndogo kwa kata ndogo? Swali moja, lakini majibu yake yametawanyika kwa watu mbalimbali. Barabara na mito nilitoa OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Mipaka ya kata ndogo ilitoka ofisi moja. Shule na maboma yalichukuliwa na vijana wa pale kwa simu, kwa kutumia QField, ambayo inaelewana vizuri na QGIS. Maji yenyewe niliyapata kwenye picha za radari za setilaiti ya Sentinel-1, kwa sababu wakati wa masika Kano hufunikwa na mawingu na picha za kawaida za setilaiti huonyesha pamba tupu. Radari hupenya mawingu.

Kuyafungua matabaka haya yote (kila faili ni tabaka moja la ramani) pamoja ni rahisi ajabu. Unaburuta faili, zinapangana upande wa kushoto, unapandisha hii na kushusha ile. Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe bado: kuonekana pamoja si kuunganishwa. Programu inazipanga faili zenye mifumo tofauti ya viwianishi, yaani nambari zinazoonyesha mahali, zikae mahali pake kwenye skrini, lakini ndani ya faili hakuna kilichobadilika.

Na huku kwetu mifumo inachanganya kweli. Ikweta inapita karibu na Maseno, kwa hiyo katika mfumo wa UTM, unaoigawa dunia kwa kanda, data ya Kakamega huja katika kanda ya 36 kaskazini na ya Kisumu katika 36 kusini. Nenda Nakuru, umeshavuka hadi kanda ya 37. Juu ya hayo, ramani nyingi za zamani za Kenya zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, si WGS 84 ambao simu zetu hutumia.

Ile faili ya mipaka ilikuja bila maelezo ya mfumo wake, na QGIS ikaiwekea alama ya kuuliza ubavuni. Alama hiyo ndogo iheshimu. Ukiipa faili kama hiyo WGS 84 kwa kukisia, inakubali bila ubishi, na kila mpaka unasogea kama mita 300, hasa kuelekea kaskazini. Mpaka unaopaswa kufuata mto unakatiza katikati ya mpunga. Ukiona hivyo Kenya, jaribu Arc 1960 kabla ya kumlaumu mpimaji. Tena kuna vitufe viwili vinavyofanana: kimoja hubadilisha tu jina la mfumo, kingine huzihesabu upya nambari na kuandika faili mpya. Kutumia cha kwanza ukidhani ni cha pili ni sawa na kubandika lebo ya mafuta ya kupikia kwenye chupa ya mafuta ya taa. Laiti wangevitenganisha mbali zaidi kwenye menyu.

Sasa kuunganisha kwenyewe. Zana ya Merge inakusanya vitu vya aina moja katika jedwali moja, kama shule za vijana wa Ahero na za vijana wa Kadibo. Ninaipenda kwa sababu inaongeza safu inayosema kila nukta imetoka faili gani. Lakini mmoja akiandika “jina” na mwingine “jina_shule”, utapata safu mbili zenye mapengo. Kubalianeni majina kabla ya kwenda uwandani. Na achaneni na faili za aina ya shapefile, inayokata majina ya safu yakizidi herufi 10. Aina ya GeoPackage haina taabu hiyo.

Intersection ndiyo mashine yenyewe: inakata eneo la maji kwa mipaka ya kata ndogo na kila kipande kinabeba taarifa za pande zote mbili. Mara nyingi itagoma mwanzoni, ikisema umbo fulani si halali, kwa sababu picha ya radari ikigeuzwa kuwa poligoni (maumbo yenye mipaka) huacha pembe zinazogusana kwenye ncha tu. Pitisha kwanza Fix Geometries, kisha rudia. Mgomo huo wenyewe siulalamikii. Afadhali programu inayokataa kuliko inayokupa jibu bovu.

Ninacholalamikia ni ukimya kwenye ukubwa wa eneo. Kama faili ya mipaka ilikuwa na safu ya hekta, Intersection huinakili vilevile ilivyo kwenye kila kipande. Kata ndogo iliyokatwa vipande ishirini inabeba hekta zake zote mara ishirini. Jumlisha hapo, utaambiwa kata ndogo imefurika kuliko ukubwa wake. Fungua kikokotoo cha safu, uhesabu upya kwa $area, inayopima eneo la kila kipande, halafu ile ya zamani uifute kabisa asije mtu akaitumia. Onyo la mstari mmoja lingetosha, lakini halipo.

Kuna pia yale ambayo programu haiwezi kukuambia, ni lazima uijue Kano. Mashamba ya mpunga ya Ahero hujazwa maji makusudi, na kwenye radari shamba lililotoka kujazwa ni maji tu. Nilichora tabaka la mashamba hayo na kulitoa kwa zana ya Difference. Kule mto unapoingia ziwani ni kinyume: maji yako chini ya mafunjo na radari inakamata mafunjo. Tabaka la mwinuko la SRTM, lililopimwa kutoka angani Februari 2000, nililitumia kwa kivuli cha vilima vya Nandi basi. Kwenye uwanda tambarare hivi, mahali ambapo nusu mita inaamua nyumba ipi italala majini, kipimo kinachohesabu kwa mita nzima na kuchukua miti kama ardhi hakikufai.

Tulipoipeleka ramani kwa chama, ikiwa imechapishwa kubwa na kutandazwa mezani, mzee mmoja aliweka kidole pembeni kabisa ya rangi ya buluu. “Kijana wangu, hapa pia hufurika. Lakini maji hayatoki mtoni, yanatoka kwenye mfereji ulioziba.” Mfereji huo haukuwa kwenye data yoyote tuliyokuwa nayo. Akauchora kwa kalamu, wenzake wakamsahihisha kona moja, na jioni hiyo ukawa tabaka jipya. QGIS inastahili sifa hapa: unaipiga picha karatasi, unaifunga kwenye ramani kwa zana ya Georeferencer, unafuata mistari kwa kipanya.

Kuhusu mashine: laptopu ya RAM ya GB 8 inatosha, mradi ukate data ibaki eneo lako tu kabla ya kuanza kuunganisha. Matokeo mengi huwekwa kwanza kama matabaka ya muda, yenye alama ndogo pembeni, na ukifunga programu bila kuyahifadhi yanakwenda zake.

Nyota nne kati ya tano. Mwanafunzi, ofisi ya wadi au chama kisicho na bajeti ya leseni, sakinisheni leo. Mwenye data kutoka zaidi ya ofisi moja na ambaye hana mtu wa kumuuliza kuhusu Arc 1960, amtafute kwanza huyo mtu.